Futa Yasiyokuhusu

Kadi yenyewe ni ndogo, ungeitia kwenye mfuko wa shati bila kuikunja. Haina stempu. Pale kwenye kona ambapo ungetarajia uso wa Mfalme George wa Sita pana maneno tu yaliyochapishwa, kwamba hii ni posta ya mateka wa vita na kwamba haitozwi ada. Chini yake kuna muhuri wa mkaguzi wa Waingereza, mviringo na namba ndani. Ubavuni kuna muhuri wa mkaguzi wa Waitalia, "Verificato per censura", yaani imekaguliwa, umegongwa kwa haraka mpaka nusu yake imeangukia kwenye anwani. Halafu jina la mwanamke, jina la kijiji huko Italia, na upande wa pili mistari sita ya penseli.

Mistari sita. Mtu ametoka kwao, amepigana Habeshi, ameshindwa, amebebwa kwa lori na treni mpaka nyanda za juu za Kenya, na hiyo ndiyo nafasi aliyopewa.

Nimeziona kadi kama hii mia na kitu. Kuna mnada mmoja wa stempu huko ng'ambo uliokuwa unatafuta watu wa kuandika maelezo ya bidhaa zake, unalipwa kwa kila picha, nami nikaipata kazi hiyo mtandaoni kama ninavyopata nyingine. Wiki hii naandika kuhusu blenda, wiki ijayo bima ya mbwa. Safari hii zilikuwa bahasha. Unatumiwa picha, unaandika: kadi ya mateka, Afrika Mashariki, mihuri miwili ya ukaguzi, kona moja imekunjika, hali nzuri. Kwa wakusanyaji, "hali nzuri" maana yake karatasi. Hakuna anayeuliza hali ya aliyeandika.

Nilikuwa nafanyia kazi hiyo chumbani kwangu hapa Kibomet, simu ikiwa ndiyo intaneti na intaneti ikiwa na mambo yake mvua ikinyesha. Na polepole nikaanza kuona majina ya kwetu. Nanyuki. Gilgil. Naivasha. Londiani. Nyeri. Eldoret, ambapo nauli ya matatu ninaijua kwa kichwa. Nilisoma shule miaka yote hiyo bila mtu kuniambia kwamba Eldoret palikuwa na kambi ya mateka wa Kiitalia.

Historia yenyewe ni fupi. Italia iliivamia Habeshi mwaka 1935. Vita vikubwa vilipoanza, majeshi ya Uingereza, na ndani yake askari wetu wa King's African Rifles, yalipanda kutoka Kenya na Sudan, na Aprili 1941 Addis Ababa ikaanguka. Mwezi uliofuata Mtawala wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia huko, akajisalimisha Amba Alagi. Gondar ikafuata mwezi Novemba. Makumi ya maelfu ya Waitalia wakaletwa Kenya. Aosta mwenyewe alifia Nairobi Machi 1942, kifua kikuu na malaria, na kaburi lake liko Nyeri. Wengine waliwekwa kwenye kazi, barabarani na mashambani kwa walowezi. Ukishuka bondeni kuelekea Mai Mahiu kuna kakanisa kando ya barabara ambako watu husimama kupiga picha za Instagram. Walikajenga wao.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha Felice Benuzzi na wenzake wawili, waliotoroka Kambi 354 ya Nanyuki Januari 1943 wakapanda Mlima Kenya, wakitumia picha ya mlima iliyokuwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama kama ramani. Wawili kati yao walifika Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Kisa kizuri sana. Lakini nikiri, baada ya wiki tatu na zile kadi, watu wa mlima walinichosha. Nilitaka kujua wale waliobaki kambini, wanaohesabu siku za posta.

Posta hiyo ilifanyaje kazi? Hili ndilo lililonikamata. Uingereza na Italia wako vitani, wanalipuana, hakuna meli ya barua kati yao. Na bado mwanamke kijijini Italia anapata kadi kutoka Bonde la Ufa. Inatoka kambini, inasomwa na mkaguzi wa upande huu, inakwenda mpaka nchi isiyopigana, Ureno, Uswisi au Uturuki, inapokewa na upande wa pili, inasomwa tena, inapigwa muhuri tena, inafika. Miezi inapita. Mkataba wa Geneva wa 1929 ndio uliosema barua za mateka zisitozwe chochote, si zilikotoka, si zinakokwenda, wala nchi zinazopitia. Ulisema pia kwamba ndani ya wiki moja baada ya kufika kambini, kila mateka aruhusiwe kutuma kadi moja kuwajulisha watu wake kwamba ametekwa na hali yake ya afya ikoje.

Wiki moja. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Mkaguzi alitafuta mambo mawili: siri za kijeshi zinazotoka, na malalamiko yatakayoliaibisha jeshi lake. Aliona neno baya, akalipaka wino mweusi au akalikata kwa wembe. Baadhi ya karatasi za barua zilipakwa dawa juu ili mtu akijaribu wino usioonekana, uonekane. Kwa hiyo waandishi walijifunza kuandika barua zisizo na kitu. Hali ya hewa. Afya. Nabusu watoto. Kadi mia na kitu, na nyingi ni hivyo hivyo: niko salama, andikeni, sijapata barua yenu. Hicho cha mwisho kimo karibu kila mahali. Sijapata barua yenu.

Hapo ndipo senge anapoingia, maana asingekuwa yeye ningemaliza picha zangu, nikalipwa, nikasahau.

Senge ni dada mdogo wa baba. Anakaa upande wa Bungoma lakini tangu mwaka jana amekuwa akija kwetu mara kwa mara kwa sababu mimi ndiye "wa kompyuta" wa ukoo. Kijana wake, binamu yangu, tumepishana miezi minne. Aliondoka 2025 kwenda Urusi. Kazi ya ulinzi kwenye ghala, aliambiwa. Tikiti ya ndege na viza juu ya mwajiri, mshahara ambao hapa mtu na digrii yake hauoni. Ujumbe uleule ulinifikia mimi pia kwenye WhatsApp, nafikiri ulifikia nusu ya vijana wa Trans Nzoia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hiyo nausoma ujumbe kama huo nikijua kabisa umeandikiwa nani. Sikwenda kwa sababu sikuwa na pasipoti. Basi. Yeye alikuwa nayo.

Alipiga simu akiwa Moscow. Alipiga tena, akasema wamepewa karatasi za kusaini, zote Kirusi. Mara ya tatu alituma picha akiwa na sare, hana tabasamu, halafu dakika chache baadaye akaifuta. Senge alikuwa ameiona. Tangu hapo, tiki moja ya kijivu. Ujumbe unaondoka, haufiki.

Septemba 2025 video ilizunguka ya Mkenya mwingine, mkimbiaji, aliyetekwa na jeshi la Ukraine. Alisema alidanganywa, kwamba hakwenda kupigana. Mwezi huohuo polisi waliwaokoa vijana zaidi ya 20 kwenye nyumba fulani Athi River, wakisubiri kusafirishwa. Novemba serikali ikasema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi. Senge aliitazama ile video mara nyingi mpaka bando yangu ikaisha. Hakuwa anamtazama yule kijana. Alikuwa anatazama nyuma yake, kama kuna mwingine chumbani.

"Huyu angalau mama yake amejua," akasema.

Unajua, nilikuwa nafikiri kutekwa ndilo jambo baya zaidi. Kwa senge lilikuwa ombi. Alikuwa analala akiomba mtoto wake awe ametekwa.

Kwa hiyo nikaanza kusoma sheria usiku, badala ya kuandika maelezo ya bahasha. Ule mkataba wa 1929 uliandikwa upya mwaka 1949, Mkataba wa Tatu wa Geneva, na Urusi na Ukraine zote zimo, Kenya nayo tangu 1966. Kadi ya kwanza bado ipo ndani. Mwishoni mwa mkataba kuna mfano wa kadi yenyewe, jinsi inavyotakiwa kuonekana. Jina. Jina la baba. Tarehe na mahali pa kuzaliwa. Cheo. Anwani ya ndugu. Kisha orodha: mzima wa afya, hajajeruhiwa, amepona, anaendelea kupata nafuu, mgonjwa, amejeruhiwa kidogo, amejeruhiwa vibaya. Na chini yake maagizo: futa yasiyokuhusu, usiongeze maelezo.

Nilimfasiria senge. Akauliza, "Kwa hiyo anakata tu kwa kalamu?"

"Anakata yasiyo yake. Linalobaki ndilo lake."

"Na anwani ataandika nini?"

Swali hilo lilinikwamisha, maana ni swali la kweli. Nyumba ya senge haina namba. Barua zake zilikuwa zinakuja kwa sanduku la posta la kanisa, na sanduku lile nadhani limejaa mchwa. Ukitaka kufika kwake unaambiwa shuka pale kwenye posho mili, uliza. Waitalia wa 1942 walikuwa na mtaa, namba, wilaya. Binamu yangu, kama kuna mahali amepewa kadi, ataandika namba ya simu ya mama yake. Ndiyo anwani aliyo nayo. Tangu nilipomwambia hivyo, senge hazimi simu, na hataki kusikia habari ya kubadilisha laini.

Lakini kuna jambo kabla ya kadi: lazima kwanza mtu akubali kwamba wewe ni mateka wa vita. Na hapa ukanda wetu una kumbukumbu mbaya.

Kilomita 40 hivi kutoka Kitale ni Kapenguria, ambako Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kuanzia mwisho wa 1952, na wakati wa kesi mawakili walilala hapa Kitale kwa sababu kule hapakuwa na pa kulala. Barabara hiyohiyo ikiendelea inakwenda Lodwar na hatimaye Lokitaung, karibu kabisa na mpaka, walikofungwa. Mwaka 1954 akaletwa Lokitaung mtu mwingine: Waruhiu Itote, Jenerali China. Huyu alikuwa amepigana Burma na King's African Rifles. Akiwa na sare ya Mfalme, angetekwa na Wajapani, karatasi zingesema ni mateka wa vita. Alipotekwa Januari 1954 akipigania msitu wa Mlima Kenya, karatasi zilisema ni mhalifu, na alihukumiwa kunyongwa kabla adhabu haijabadilishwa. Mtu yuleyule, bunduki ileile karibu. Waingereza walimtaka aandike barua kwa majenerali wenzake msituni kuwavuta kwenye mazungumzo, na aliandika. Barua zikienda upande wanaoutaka wao hazikosi njia. Za wafungwa kwenda nje ilibidi zitoroshwe. Juni 1958 gazeti la Observer la London lilichapisha barua ya wafungwa wa Lokitaung kuhusu hali yao. Haikuwa na muhuri wowote wa kambi, bila shaka.

Na ukirudi nyuma zaidi, Vita vya Kwanza, wale wabebaji mizigo wa Kariakor. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi. Sanamu yao iko Nairobi barabara ya Kenyatta, tangu 1928, na haina jina hata moja. Kwenye minada sijaona hata kipande cha karatasi kilichotoka kwa mmoja wao. Huko Geneva, Msalaba Mwekundu ulitunza kadi milioni saba za watu waliotekwa vita vile, na leo unaweza kuzitazama mtandaoni. Jaribu siku moja kutafuta jina la ukoo wenu.

Kuhusu binamu, hoja iko hivi. Itifaki ya nyongeza ya 1977 inasema mamluki hana haki ya kuwa mateka wa vita. Watu wengi, hata kwenye redio, huwaita hawa vijana mamluki, na ukisoma maoni chini ya habari zao utafikiri walikwenda harusini. Lakini itifaki hiyohiyo inaeleza mamluki ni nani, na mojawapo ya masharti ni kwamba asiwe mwanajeshi wa upande wowote unaopigana. Aliyesaini mkataba na jeshi lenyewe, hata kama hakuelewa neno moja, ameandikishwa. Ile karatasi ya Kirusi iliyomponza ndiyo inayoweza kumpa kadi. Nililiona hilo saa nane usiku na sikujua nicheke au nilie, nikazima taa.

Tulikwenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Kazi hii wanaifanya kila siku. Malori ya Kakuma yanapita mji huu, na kule kambini kuna watu wamewatafuta ndugu zao miaka. Wana huduma ya kurejesha mawasiliano ya familia: wanachukua maelezo, wanauliza wenzao walio huko, wanabeba barua zilizo wazi, za habari za nyumbani tu. Na kuhusu vita hivi, Geneva walifungua ofisi maalumu Machi 2022 ya kupokea majina kutoka pande zote mbili. Jina likifika, familia inaambiwa. Lisipofika, hakuna cha kuambiwa.

Fomu ya kumtafuta mtu ni ndefu kuliko kadi. Jina la baba. Jina la babu. Mara ya mwisho mlizungumza lini, alikuwa wapi. Alama mwilini. Senge alitaja kovu la goti, la mbwa wa jirani, halafu akakumbuka la pili, la tohara, akanyamaza, akaniangalia mimi na akamwangalia yule dada aliyekuwa akiandika. Sisi Wabukusu tuna namba zetu za kumtambua mwanamume: ametahiriwa mwaka gani, rika gani. Fomu haikuuliza. Senge aliona ni upungufu mkubwa.

Tuliambiwa tusubiri. Hakuna aliyetuahidi wiki moja.

Zile bahasha nilizimaliza. Ya mwisho ilikuwa kutoka Italia kuja Kenya, mama akimwandikia mwanawe, na mbele yake kalamu tatu tofauti: anwani ya kwanza imekatwa, kambi nyingine imeandikwa, nayo imekatwa. Mwisho kabisa mtu ameandika irudishwe ilikotoka. Haijafunguliwa upya tangu mkaguzi alipoibandika. Niliandika: mihuri mitatu, kuelekezwa upya mara mbili, adimu. Bei ya kuanzia ilikuwa kubwa kuliko nilicholipwa kwa zote.

Jumapili iliyopita senge alikuja na daftari la shule, lile la kurasa 32. Anataka tuandike barua iwe tayari. Nikamweleza kwamba bado hakuna pa kuipeleka, hatujui yuko upande gani, hatujui kama yuko. Akasema, "Wewe andika." Alizungumza Lubukusu, nami nikawa naandika Kiswahili.

Akanisimamisha. Kwa nini Kiswahili?

Nikamwambia ukweli: mkataba unasema mateka aandike na aandikiwe kwa lugha ya kwao, kwa kawaida. Lakini mkaguzi lazima aisome, na barua asiyoielewa inaweza kukaa mezani kwake mpaka apatikane anayeielewa. Kyiv watampata wapi Mbukusu?

Senge alifikiri. Akasema kama kijana wake yuko huko, basi Mbukusu yupo, wamwite asome.

Tumeandika zote mbili. Ya Kiswahili ni mistari sita, nimeipima. Sote wazima, baba anakusalimu, usiwe na wasiwasi na deni. Ya Lubukusu imejaza kurasa tatu na bado hajamaliza, kwa sababu ile mtamba aliyomwachia imezaa, ndama jike, na anataka aelezwe vizuri rangi yake, madoa yako wapi, na nani alikuwepo usiku ule kumsaidia kuivuta.